Glasi Nyuma ya Mlango

Jua lilikuwa linazama mjini Puerto Plata wakati Nereida akimkokota mama yake kwenye ngazi za hoteli. Jirani yao wa ukuta mmoja alikuwa ameshazikwa kwa homa iliyozagaa mjini, na mapafu ya mama, Doña Ofelia, yalikuwa mabovu tangu zamani. Hapa walau mlangoni pa chumba palibandikwa karatasi: KIMETAKASWA.

Nereida aliichana kama anayefungua zawadi. Klorini ikamchoma pua. Safi! Ila nyuma ya mlango, sakafuni... glasi ya maji. Imejaa pomoni.

"Hiyo usiiguse, mi amor," alinong'ona Bienvenida, mfanya usafi, kutoka kwenye korido. Barakoa ilimfika machoni. "Ina mwenyewe."

"Mwenyewe nani? Mbu?" Nereida akaangua kicheko kichungu. "Nina shahada ya afya ya jamii, dada. Kazi haijanipa, lakini uchafu naujua. Nje mnabandika karatasi, ndani mnafuga ushirikina!"

Akayamwaga maji bafuni. Akafunga mlango.



Kisha... kikohozi. Kikavu. Nyuma ya mlango, upande wa ndani.

"Nere," mama akaita kitandani. "Maji."

Akampa. Doña Ofelia akayagugumia yote. Akataka mengine. Na mengine. Midomo ikazidi kupasuka kama udongo wa kiangazi.

"Mama, inatosha!"

"Maji, wewe binti."

Sauti ya mwanamume.

Nereida akaurukia mlango. Kitasa hakikugeuka.

"Bienvenida! Fungua! Dios mío, fungua!"

Nje Bienvenida alikuwa analia. "Nilikwambia. Mgeni wetu wa kwanza kuugua alifia humo. Alituomba maji kutwa kucha. Tulisimama hapa hapa na glavu zetu... tukaogopa kufungua. Tangu hapo namwekea maji."

"Naijaza tena! Sasa hivi!"

"Glasi ya nini tena, mi amor? Ameshapata mdomo wa kunywea."

Kitandani mama akanyoosha mkono. Akakohoa, matone yakameta hewani. Macho, walau, yalikuwa bado ya mama.

"Nere... njoo unishike."

Hiyo ilikuwa sauti yake. Yake kabisa.

Nereida alitaka kwenda. Mungu anajua alitaka. Lakini mgongo uliganda mlangoni, na mkono, wenyewe tu, ukapandisha barakoa yake puani.

Nje, kiganja cha Bienvenida kilisikika kikinyoosha karatasi mpya ya KIMETAKASWA mlangoni. Polepole... kutoka juu hadi chini.