Fimbo Tisa za Ng'ambo

Jumamosi ile Papa Habumugisha aliamka mapema, akanyoa ndevu, akavaa suti yake ya kijivu. Halafu akakumbuka kwamba leo hakuitwa kazini mahali popote.

Alikuwa msemaji wa sherehe za mahari. Hapa Goma sherehe hiyo tunaiita dot. Familia ya msichana inaleta msemaji wake, na familia ya mvulana inaleta wa kwake. Wasemaji hao wanakaa wakitazamana mbele ya wageni. Wanaulizana, wanataniana, wanabishana kidogo, mpaka mvulana anakubaliwa na ng'ombe wa mahari wanasifiwa mmoja mmoja. Papa Habumugisha ni mtoto wa wafugaji wa Masisi. Kusifu ng'ombe alijifunza kabla ya kujifunza kusoma. Kwa miaka kumi na mitano, watu wa mtaa wa Murara hawakuoza binti bila kumwita yeye.

Sasa walikuwa wanamwita Darius.

Darius alitoka Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, katika nchi jirani. Ni mwendo wa miguu tu. Alikuwa na miaka thelathini na mitano, na viatu vyake viling'aa hata kwenye vumbi letu jeusi. Jumamosi hiyo alikuwa anasema kwenye dot ya binti wa Ézéchiel. Na Ézéchiel ni rafiki wa Papa Habumugisha tangu walipochunga pamoja! Siku ambayo Ézéchiel alimwambia habari hiyo, Papa Habumugisha alijibu "sawa" na hakula chakula cha jioni. Wivu ulikuwa umemshibisha.

Alikwenda kwenye dot kama mwalikwa. Kusema kweli, alikwenda kutafuta makosa.

Darius alianza saa nne kamili, kama alivyoahidi. Jambo hilo peke yake lilimuudhi mzee wetu. Ng'ombe wa kwanza aliposifiwa, wageni walipiga makofi. Kwa ng'ombe wa tatu, Élisabeth, mke wa Papa Habumugisha, alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Mume wake alimtazama kwa jicho la pembeni. Wamekaa pamoja miaka ishirini na sita, na yeye hajawahi kumchekesha hivyo. Mpaka mwisho wa sherehe alipata kosa moja tu: tai ya Darius ilikuwa fupi.

Njiani kurudi nyumbani alimlalamikia mke wake kwamba amecheka mno. Élisabeth akajibu kwa upole.

"Mutu anachekesha, Papa Bénita. Nilie?"

Bénita ni binti yao wa kwanza. Yeye alikuwa nyuma yao, na alijifanya hakusikia.

Wiki iliyofuata ilikuja nafasi ya kulipa kisasi. Jirani yao, Mama Kasoki, anafanya kazi kwenye ofisi ya biashara ya mkoa. Aliwakusanya watu wote wanaoishi kwa kazi za harusi: wapambaji, wapishi, wapiga picha na wasemaji. Akawaeleza kwamba nchi yetu imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, na pia iko kwenye soko huru la Afrika. Mikataba hiyo haihusu maharagwe na saruji peke yake. Inahusu huduma pia.

Mpishi mmoja aliuliza huduma ni nini. Mama Kasoki alisema ni kazi ambayo mtu anakufanyia na anakulipisha, lakini huwezi kuitia kwenye gunia. Kunyoa nywele ni huduma. Kufundisha, kutibu, kujenga, kupiga picha, hizo zote ni huduma. Sasa serikali inataka kuandika mkakati wa taifa wa biashara ya huduma, na inataka kwanza kuwasikiliza wenye kazi. Watu wa kazi za harusi nao wachague mtu mmoja wa kuwasemea wote kwenye mkutano wa Alhamisi, katika salle, yaani ukumbi wa parokia.

Walimchagua Papa Habumugisha, kwa sababu hakuna anayemshinda kusema. Alifurahi sana. Lakini hakufurahi kwa ajili ya nchi. Alifurahi kwa sababu ya Darius.

Aliketi na kujaza fomu ya maswali aliyopewa na Mama Kasoki. Swali la kwanza lilisema: Je, unauza huduma yako nje ya nchi? Akaandika Hapana. Swali la nne lilisema: Je, watoa huduma kutoka nchi jirani waruhusiwe kufanya kazi hapa? Akaandika HAPANA kwa herufi kubwa, akapiga mistari miwili chini yake. Kalamu ilitoboa karatasi.

Jumatano mchana Mama Kasoki alipita kuchukua fomu. Aliisoma akiwa amesimama. Halafu aliinua macho akatazama ukuta wa sebule. Ukuta huo umejaa fimbo za kichungaji, zimechongwa vizuri. Kwa desturi yetu, msemaji wa dot hapangi bei. Anashukuriwa. Familia inampa fimbo, na ndani ya mkono wanamtilia bahasha wanayoiita ya sabuni. Kila fimbo ina jina la familia iliyoitoa.

"Muzee, hizi fimbo zote ni za Goma?" aliuliza Mama Kasoki.

Papa Habumugisha alisema zilitoka huku na huku. Hapo Élisabeth, aliyekuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, alinawa mikono. Alipanda kwenye kiti bila neno. Alishusha fimbo moja akaiweka mezani. Akashusha nyingine. Aliendelea mpaka mezani kukawa na fimbo tisa.

"Hizi ni za Gisenyi," alisema. "Ile ya mwisho ni ya mwezi wa tano. Ulivuka barrière ya mpaka na suti yako, ukarudi jioni."

"Lakini mimi siuzi kitu," alisema Papa Habumugisha. "Wananishukuru tu."

"Wanakushukuru na nini?"

"Fimbo. Na kabahasha ka sabuni."

Mama Kasoki aliketi. Hakucheka, na hilo lilikuwa jema, maana mzee alikuwa amekasirika.

"Papa, ile sabuni ndiyo malipo yako. Unavuka, unatumika kazi, unarudi na kitu. Nchi yetu imeuza huduma kwa nchi ya jirani, na muuzaji ni wewe. Kule Gisenyi, mugeni anayekuja kuchukua kazi ya watu ni wewe."

Papa Habumugisha aliichukua ile fimbo ya mwezi wa tano, akasoma jina lililo juu yake.

Mama Kasoki akamweleza polepole. Mkakati si ukuta, na si mlango ulioachwa wazi usiku na mchana. Serikali inauliza: Sisi tunauza huduma gani? Tunanunua zipi? Wapi watu wetu ni hodari, na wapi bado wanahitaji kusaidiwa? Kisha inapanga. Mlango fulani unafunguliwa leo, mwingine unangoja miaka michache. Wakubwa wanapokwenda kuzungumza na nchi jirani, wanakwenda na mpango huo mkononi. Na mara nyingi unachowafungia wengine, nao wanakufungia.

"Ukiandika Hapana kwenye swali la kwanza," alisema, "serikali haitajua kama uko. Hawawezi kumutetea mutu wasiyemujua."

Papa Habumugisha aliangalia zile fimbo tisa. Bado moyo ulimuuma. Aliuliza, kwa sauti ndogo, kwa nini basi Ézéchiel alimwacha yeye na kumchukua Darius.

Élisabeth ndiye aliyejibu. Mke wa Ézéchiel alikuwa amemwonyesha karatasi ya Darius. Ilisema atafika saa ngapi, atasema kwa muda gani, bei yake ni ipi, na nani atakuja mahali pake akiugua. Papa Habumugisha naye? Mwezi wa kwanza, kwenye dot ya saa nne, alifika saa sita. Akasema masaa matatu. Wali ukapoa, na padri akaondoka na njaa.

"Ukimufungia Darius mulango," alisema Élisabeth, "utafika saa sita vilevile."

Maneno hayo yalimchoma kuliko kile kicheko cha Jumamosi. Lakini yalikuwa ya kweli, na alijua. Alichukua kalamu. Alikata jibu la kwanza, akaandika Ndiyo. Lile la nne pia alilibadilisha, lakini ilibidi aombe karatasi nyingine, kwa sababu ya tundu.

Alhamisi alifika kwenye salle kabla ya viti kupangwa. Aliposimama alisema dakika nane tu, na wenzake walitazamana kwa mshangao. Aliomba wasemaji, wapishi na wapambaji waruhusiwe kuvuka kwa kazi ya siku moja, kwa karatasi rahisi, ya namna moja pande zote mbili. Aliomba cheti cha mapishi cha Goma kikubaliwe ng'ambo, na cha ng'ambo kikubaliwe hapa. Kuhusu wapiga picha alisema wazi: mashine zao ni za zamani, basi wapewe mafunzo na muda kabla kampuni kubwa za nje hazijaingia. Mwisho alikiri mbele ya wote kwamba yeye mwenyewe ni muuzaji wa nje, na kwamba hakujua. Watu walicheka. Safari hii hakuudhika.

Miezi ilipita. Mswada wa mkakati uliporudishwa ili wenye kazi wausome, Mama Kasoki aliwaonyesha ukurasa wa huduma ndogo za mpakani. Ile karatasi ya siku moja ilikuwa imo, na muda wa wapiga picha pia. Bado ulikuwa mswada tu, alisema, na wataendelea kuufuatilia.

Papa Habumugisha naye hakungoja. Bénita alimwandikia mkataba wa ukurasa mmoja, na bei ikawekwa humo. Fimbo bado anapewa, lakini sabuni sasa ina kiasi chake. Anafika kabla ya masufuria. Wateja wa Murara walianza kurudi, Ézéchiel kwanza, kwa ajili ya binti wa pili.

Kisha familia moja ya Goma ilimwita kwa dot ya Gisenyi. Msemaji wa upande wa msichana alikuwa Darius. Walikaa wakitazamana, wakabishana kwa saa moja kamili, na wageni walicheka mpaka nje ya uzio. Baadaye walikula pamoja. Darius alikula kidogo, halafu akaweka kijiko chini.

"Muzee, nikuambie kitu. Miaka mitatu nilikuwa nakuonea wivu. Kila nikienda kuomba kazi hapa kwetu, wananiambia: Ngoja kwanza, tumuulize yule wa Goma. Ndiyo maana nilianza kutafuta kazi kwenu."

Papa Habumugisha alitafuna nyama yake mpaka ikaisha. Alifuta mdomo. Akavuta kiti karibu.

"Sema tena," alimwambia, "polepole."