Karatasi Aliyosomewa Mugeta

Kila asubuhi Wankyo wa kijiji cha Kabasa alipanga ndoo bombani, na kila asubuhi bomba lilikohoa hewa tupu. Miezi minne hivyo. Mumewe, Mugeta, akachukua kipande cha boksi, akaandika kwa mkaa: MAJI YETU YAKO WAPI? Akaenda nacho kwenye maandamano ya chama cha upinzani, Bunda mjini.

Hawakufika mbali. Polisi walipiga mabomu ya machozi mpaka kuku wa mtaa mzima wakapiga chafya hadi Jumamosi. Kuku walipona. Mugeta alipigwa rungu la sikio, akatupwa kwenye karandinga, akafungiwa kituoni.

Siku ya tatu Wankyo alimpelekea ugali na sato. Afande akaonja. Akaonja tena. Kikabaki kichwa cha samaki.

"Mumeo mkaidi," akasema. "Asaini tu kwamba alitumwa kurusha mawe. Anaenda nyumbani."

Wankyo alifurahi. Kwao mtu akiiba mbuzi anakiri mbele ya wazee wa ukoo. Anatoa faini, watu wanakunywa pombe ya mtama, kesho wanachunga pamoja. Kukiri ndiyo mwisho wa ugomvi.

"Baba Ngusa, kubali yaishe," alimwambia mumewe kupitia nondo. "Mtamba wetu nitamtoa faini."

"Sikurusha jiwe, mama."

"Najua. Kubali hivyo hivyo. Pamba itachumwa na nani?"

Mugeta akainamisha kichwa. "Haya. Kesho nitasaini."

Wankyo alipita kwa Dafroza, msaidizi wa kisheria, ambaye pia aliwafundisha watu wazima kusoma. Alimsimulia huku anacheka. Dafroza hakucheka.

"Wankyo, unataka kumzika mumeo anapumua? Kwa wazee, ukikiri kesi inakwisha. Kwa polisi, ukikiri ndipo inaanza! Karatasi hiyo itasomwa mahakamani."

"Yesu wangu! Na mtamba?"

"Abaki zizini. Dhamana ya polisi hailipiwi. Na ndani ya saa ishirini na nne wampe dhamana au wampeleke mahakamani. Hizo zimeshapita. Tena akitoa maelezo ana haki ya kuwa na ndugu au wakili. Asisaini kitu ambacho hajasoma wala kusomewa. Kesho twende wote."

Kesho yake walifika wote kituoni, Wankyo akaomba karatasi ya maelezo.

"Unajua kusoma, wewe?" afande akauliza.

"Najifunza." Akaweka kidole chini ya neno. "Ni-li-tu-mwa... ku-ru-sha... ma-we."

"Soma kimya!"

"Huko sijafika, afande. Bado nasomaga kwa sauti."

Foleni nzima ya watu kituoni ikageuka. Mugeta akasikia kila neno kwa sikio lililobaki. "Hayo sikuyasema," akasema. "Sisaini."

Dafroza akaomba kumwona mkuu wa kituo. Mchana huo Mugeta alipelekwa mahakamani, akapata dhamana. Kesi iliahirishwa mara saba, kisha ikafutwa. Mashahidi hawakutokea hata siku moja. Hakuna aliyempa pole. Sikio la kushoto halisikii mpaka leo, na pamba nusu iliozea shambani.

Bomba bado linakohoa.

Wankyo akatafuta boksi jingine, akaandika swali lilelile kwa mkono wake, herufi zimepinda kama kwato za ndama. Akalitundika bombani. Watu wakaangalia kwanza kama karandinga inakuja. Kisha mmoja akaanza kusoma, na mwingine.

Kwa sauti.