Uso wa Kijani wa Mtakatifu Petka

Kila Jumamosi, akishawalisha kuku na kula mkate wake wa jibini, Tsvetana hupanda kilima hadi chumba cha nyuma ya kanisa. Humo Bi Stoyanka huwafundisha watoto wa mtaa kuchora picha takatifu.

Safari hii alikuwa akimchora Mtakatifu Petka. Bibi yake naye anaitwa Petka, na kesho ilikuwa sikukuu ya jina lake, yaani siku ya mtakatifu huyo. Picha isipokamilika leo, padri hataibariki, na bibi atakaa mezani bila zawadi.

"Mwalimu, bluu iko wapi? Joho lake ni la bluu," Tsvetana aliuliza.

"Hapa hatuna bluu. Una udongo wa manjano, udongo mwekundu, masizi na nyeupe. Koroga masizi na nyeupe."

Alikoroga, akapata kijivu. Alipokipaka kando ya manjano, joho likaonekana bluu. Alitazama kikombe: kijivu. Alitazama ubao: bluu. Akafumba jicho moja, akafumbua. Bado bluu.

Uso ulimchanganya zaidi. Jumamosi iliyopita Bi Stoyanka alimwambia achanganye manjano na masizi katika kiini cha yai, aupake uso wote. Ukatoka kijani kama maji ya bwawa.

"Mtakatifu wako kala kabichi iliyooza?" Rayna, jirani yake wa meza, alimnong'oneza.

"Nyamaza wewe."

"Mimi nauliza tu. Maskini, tumbo linamsokota."

Bi Stoyanka alipotoka kwenda kuuza mishumaa kwenye mlango wa kanisa, Tsvetana alitoa mkobani rangi ya waridi ya shuleni, akaufunika uso wote. Alirudi nyuma kuutazama. Ulikuwa bapa kama sahani.

"Tumbo limepona," Rayna alisema. "Sasa hana pua."

Mlango ukafunguka. Bi Stoyanka aliinama juu ya ubao.

"Nani kaupaka huu uso?"

"Umekauka hivyo, Mwalimu."

"Manjano na masizi vimekauka vikawa waridi?"

Tsvetana aliangalia viatu vyake. Rayna ghafla alikuwa na kazi nyingi.

"Rangi nitakusaidia kuiondoa," Bi Stoyanka alisema taratibu. "Uongo utauondoa mwenyewe."

"Ni mimi," Tsvetana alisema. "Niliogopa bibi atadhani nimemchora mgonjwa."

"Mbona hukuuliza?"

"Niliuliza bluu. Ulinijibu, lakini sikuelewa."

Bi Stoyanka alivuta kigoda akaketi. "Basi hapo na mimi nimekosea. Lete kitambaa chenye maji."

Waridi ilikuwa mbichi, ikafutika. Kijani kilikuwa kimekauka wiki nzima, kikabaki, ila puani kilichubuka kidogo, wakapaziba.

"Sasa chukua manjano na nyeupe, nyepesi. Paka paji la uso. Juu ya pua. Shavuni. Usiguse chini ya kidevu wala kando ya macho. Subiri ikauke, kisha rudia."

Tsvetana alipaka, akasubiri, akarudia. Pua ikainuka. Mashavu yakaviringika. Mtakatifu akawa kama mtu anayesogea dirishani kutoka chumba chenye kivuli.

"Kijani kimekwenda wapi?"

"Kipo. Ndicho kivuli chake."

Kesho yake kanisani, baada ya padri kuibariki, bibi aliibusu picha, akaishika muda mrefu. "Huyu ananiangalia," alisema.

Tsvetana alimvuta Bi Stoyanka mkono. "Mwalimu, hata sasa sijaelewa vizuri."

"Mwaka wangu wa kwanza na mimi nilikuwa hivyohivyo. Kutoelewa si dhambi, mwanangu. Kosa ni kukifunika usichokielewa, kisha ukasema hukukifunika. Uliza. Na jibu likikushinda, uliza tena, hata kama mwalimu ana mishumaa ya kuuza."