Farasi wa Kwenye Bango

Kila Jumamosi saa mbili asubuhi, Chiriku alifika gereji ya shangazi yake, akaamkia, akavaa koti la kazi lililomfika magotini, na kushika fagio. Alimwaga mchanga mkavu palipomwagika oili, akaufagia, kisha akapanga spana ukutani kuanzia ndogo hadi kubwa. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Jina hilo la utani alipewa na shangazi mwenyewe, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo.

Shangazi alikuwa fundi wa pikipiki. Mafundi walikuwa wengi mtaani, lakini yeye alikuwa na sifa moja ya peke yake: alipima. Mtu akitaka kununua mashine, alimletea kwanza, naye alimwambia ina nguvu kiasi gani hasa. Hakusikiliza maneno ya muuzaji wala ya mnunuzi. Nyuma ya gereji palikuwa na kilima chenye njia ya kokoto, chenye kimo cha mita ishirini na nne kutoka chini hadi juu, na kilima hicho, alisema Shangazi, hakijawahi kumpendelea mtu.

Chiriku alimpenda shangazi yake kupita kiasi. Alipenda mikono yake myeusi kwa grisi, na namna alivyoinamisha sikio kwenye injini akajua inaumwa wapi. Zaidi ya yote alipenda daftari lake la vipimo, lenye jalada gumu. Kila ukurasa ulikuwa na tarehe, uzito, sekunde, na chini kabisa neno "Mpimaji". Hapo palikuwa na sahihi moja tu, ya Shangazi, ukurasa hadi ukurasa.

"Na mimi nitatia sahihi lini?" Chiriku aliuliza mara kwa mara.

"Siku utakapokuwa mpimaji."

"Si ninashika saa kila Jumamosi?"

"Kushika saa hata msumari ukutani unaweza," Shangazi alimjibu, na Chiriku akacheka ingawa jibu lilimchoma kidogo.

Jumamosi hiyo palikuwa na kazi kubwa. Nesi wa zahanati ya mlimani alitaka kununua pikipiki ya magurudumu manne, ya kuvuta tela la kubebea wagonjwa na dawa. Gari halikufika huko mvua zikianza. Mashine mbili zililetwa. Moja ilikuwa ya kijivu, imetumika miaka mitatu, mali ya daktari wa mifugo aliyestaafu. Stika yake ilisema nguvu farasi ishirini na tano. Ya pili ilikuwa mpya, nyekundu, inang'aa hadi unajiona usoni. Muuzaji wake aliileta Ijumaa jioni pamoja na bango refu kuliko Chiriku: FARASI 34. HAKUNA MLIMA UTAKAOKUSHINDA.

Muuzaji alikuwa mtu mcheshi. Alipoona Chiriku, aliyepita hapo akitoka shule, anavyoitazama ile nyekundu, alimpa kofia ya rangi hiyohiyo, yenye namba 34 iliyodariziwa mbele. Chiriku aliivaa palepale. Njiani kurudi nyumbani aliwakuta wenzake wa darasani wanacheza mpira, akawatangazia kwamba kesho atapima farasi thelathini na nne kwa mkono wake, na kwamba nesi ataondoka na ile nyekundu, hakuna ubishi.

Jumamosi asubuhi, kabla ya kupima, Shangazi alifanya alichokifanya siku zote. Alichukua matambara na kufunika kila namba: stika ya mashine ya kijivu, maandishi ya ile nyekundu, hata bango aliligeuza likatazama ukuta.

"Mbona unazificha?" Nesi aliuliza.

"Jicho likishaambiwa litakachoona, dada, linaacha kutazama," alisema Shangazi. "Chema chajiuza. Tukiache kilima kiseme."

Akamweleza kazi inavyokwenda. Ukiinua mzigo wa kilo sabini na tano, mita moja, kwa sekunde moja, hiyo ndiyo nguvu ya farasi mmoja. Kwa hiyo walipakia mifuko ya mchanga juu ya kila mashine hadi mizani ikasoma kilo mia tano pamoja na dereva. Kwa uzito huo na kilima hicho, hesabu ilikuwa rahisi: gawanya mia moja na sitini kwa sekunde za kupanda, utapata farasi. Kadiri sekunde zilivyopungua, ndivyo farasi walivyoongezeka.

"Njia yako ya zahanati nimeipima wiki iliyopita," Shangazi alimwambia Nesi. "Tela likijaa, inataka farasi ishirini na mmoja magurudumuni. Chini ya hapo, injini itachemka katikati ya mlima."

Nesi alisimama chini na kitambaa cheupe. Shangazi aliendesha. Chiriku alisimama juu, kando ya mstari wa chokaa, na saa ya kupimia mbio mkononi. Kitambaa kikishuka alibonyeza, gurudumu la mbele likigusa mstari alibonyeza tena. Ya kijivu ilipanda mara tatu kwa mlio wa chini usio na mbwembwe. Wastani wake ulikuwa sekunde saba na nusu: farasi ishirini na mmoja na ushee.

Ikaja zamu ya nyekundu. Jua lilikuwa limeanza kuwaka, na Chiriku alivuta kofia yake karibu na macho. Kitambaa kilishuka. Kidole gumba chake kilisubiri kidogo, hadi magurudumu yalipokuwa yameshaanza kuzunguka, ndipo kikabonyeza. Mashine ilinguruma vizuri sana, moyo ukampanda, na kabla gurudumu halijafika kwenye chokaa, hatua nne hivi, kidole kilikuwa kimeshabonyeza tena. Mara ya pili ikawa vilevile, na ya tatu. Hakujiambia "nadanganya". Alijiambia tu kwamba mashine yenye farasi thelathini na nne lazima iwe imefika.

Wastani ulikuwa sekunde saba nukta mbili. Waliporudi gerejini, Shangazi alibonyeza kikokotoo. "Ishirini na wawili na ushee," alisema, akaandika.

Nesi alishusha pumzi. "Basi nachukua nyekundu." Alimwendea Chiriku akamshika bega. "Asante, mama. Hujui umenifanyia nini. Mwaka juzi tulikuwa na mashine ya zamani, tukaambiwa ina nguvu. Ilikwama katikati ya mlima, mama mjamzito akiwa kwenye tela, ikaanza kurudi nyuma. Tuliweka mawe chini ya magurudumu, tukambeba kwa mikono hadi juu. Mtoto alizaliwa salama, namshukuru Mungu. Lakini njia nzima nilikuwa namwambia 'usiogope', na mimi mwenyewe natetemeka. Sasa nitawaambia wagonjwa wangu wasiogope, na nitakuwa nasema kweli, maana wewe umepima."

Chiriku aliona aibu hadi masikio yakamwaka. Kidole gumba, kile kilichokuwa na haraka, kilikuwa bado juu ya kitufe cha saa. Aliwaza wenzake uwanjani, na Jumatatu watakavyomcheka. Aliwaza daftari, na kwamba Shangazi hatampa tena hata fagio. Kisha akaliona tela linarudi nyuma kwenye mvua. Nesi alikwisha kutoa kalamu kutia sahihi karatasi ya kununulia.

"Subiri," Chiriku alisema.

Wote wawili wakamtazama. Chiriku, ambaye hajawahi kukosa neno, alilitafuta neno la pili kwa muda mrefu.

"Shangazi, ya nyekundu si kweli. Nilichelewa kuanza na nikawahi kusimamisha. Mara zote tatu. Ya kijivu nilipima vizuri, lakini hii nilitaka ishinde." Machozi yakamlenga. "Niliwaambia wenzangu itashinda."

Nesi alifunga kalamu yake polepole. Shangazi aliweka kikokotoo mezani. Alimtazama mpwa wake tangu viatu hadi utosini, na macho yake yakakomea kwenye kofia.

"Thelathini na nne," alisoma. "Lo, mimi nami. Nimefunika namba kwenye chuma na kwenye bango, nikaiacha iliyo kwenye kipaji cha uso wako."

Alifungua daftari. Hakuchana ukurasa wala kufuta. Alipiga mstari mmoja juu ya sekunde za nyekundu, zikabaki zinasomeka, akaandika kando: "Saa iliwahi. Tunarudia."

"Ukipenda nitashika saa mimi," Nesi alisema kwa upole.

"Hapana, dada. Saa inabaki hapohapo ilipo," alisema Shangazi. "Aliyekosea akajua amekosea ndiye atakayekuwa makini kuliko sisi sote."

Chiriku alifuta macho kwa mkono wa koti. Alivua kofia, akaitundika kwenye msumari. Halafu, kwa kuwa chiriku ni chiriku, mdomo ukamrudi.

"Shangazi, nikiangalia mashine kidole kitakimbia tena, hata nikikiomba kisikimbie. Tufunge kamba kwenye mstari, tuning'inize mikebe ya oili mitupu. Mimi nitaupa mstari mgongo. Nesi apulize filimbi wewe ukiondoka, nami nitasimamisha nikisikia mikebe. Mkebe haujui kusoma bango."

Shangazi alifunga daftari. "Nimepima mashine miaka kumi na moja," akasema, "na hilo sijalifikiria." Akaenda mwenyewe kutafuta kamba.

Nesi alikuwa na filimbi mfukoni, ile aliyowapangia watoto foleni siku za chanjo. Walizirudia mashine zote mbili, maana Shangazi alisema huwezi kumpeleka mmoja kwenye mizani mpya na kumwacha mwenzake kwenye ya zamani. Chiriku alisimama ameupa mstari mgongo, macho ameyafumba, masikio yamesimama. Filimbi, kisha mngurumo, kisha kelele za mikebe. Ya kijivu: saba na nusu, kama mwanzo. Nyekundu: sekunde nane kamili, mara tatu.

"Mia moja na sitini gawanya kwa nane," alisema Shangazi.

"Ishirini," Chiriku alijibu. Hakuhitaji kikokotoo. "Haifiki ishirini na mmoja."

"Watu husema debe tupu haliachi kuvuma," Shangazi alisema, akiyatazama makopo yanayoning'inia. "Leo yamevuma, na yamesema kweli."

Nesi alisaini karatasi ya mashine ya kijivu. Alipomaliza alimshika Chiriku mkono, si bega safari hii, kama anavyomshika mtu mzima. "Kazini kwetu tunasema mficha maradhi kifo humuumbua," alisema. "Wewe umelisema lako mapema. Nitalala usingizi."

Muuzaji alipokuja kuchukua mashine yake alasiri, Chiriku alitegemea Shangazi atamfokea. Hakumfokea. Alimwonyesha ukurasa mzima, pamoja na mstari uliopigwa.

"Lakini kiwanda kimeandika thelathini na nne," muuzaji alisema. Ucheshi ulikuwa umemwishia.

"Huenda kiwanda kilipima injini peke yake, juu ya meza, kabla haijafungwa mkanda, gia wala magurudumu. Njiani nguvu zinapotea, kwa kila mashine. Hata ya kijivu imeandikwa ishirini na tano, ikatoa ishirini na mmoja. Ila yako imepoteza nyingi mno. Mimi sisemi wewe ni mwongo, ndugu yangu. Nasema mgonjwa hapandi mlima juu ya meza."

Muuzaji aliusoma ukurasa mara mbili. Mwisho aliomba kuunakili. "Nitabandika chini ya bango," alisema. "Ni mashine nzuri kwa shamba la tambarare. Afadhali niiuze huko kuliko irudishwe na watu wenye hasira." Akalikunja bango lake na kuondoka, na Chiriku alimwona ni mwungwana kuliko alivyokuwa Ijumaa.

Chiriku alishika fagio, akafagia mahali palipokwisha kufagiwa. Shangazi alimwita mezani.

"Njoo hapa, mwanangu. Kupima si kujua hesabu, hesabu hata kikokotoo kinazijua. Kupima ni kukubali jibu usilolipenda. Asubuhi ulilitaka jibu, likakupofusha. Hilo linampata kila mtu, na mimi limeshanipata. Lakini wengi wakishaandika uongo wanaukalia, kwa kuogopa kuchekwa. Wewe umeinuka kabla haujamfikia mtu wa kuumia. Anayesema 'nimekosea' kalamu ikiwa bado mkononi mwa mnunuzi, huyo ndiye ninayeweza kumwamini na saa yangu."

"Jumatatu watanicheka darasani."

"Watacheka hadi kengele ya kwanza. Waambie namba zote mbili, ya bango na ya kilima, wakuulize tofauti imetoka wapi. Utakuwa na la kuwafundisha."

Kisha Shangazi alilisukuma daftari mbele yake. Chini ya ukurasa neno "Mpimaji" lilikuwapo, na mbele yake palikuwa patupu. Alimpa kalamu.

Chiriku aliishika. Kidole gumba chake hakikuwa na haraka hata kidogo. Aliandika jina lake herufi moja baada ya nyingine, akapuliza wino ukauka.