Shule Isiyo na Kelele

Maiti ya Mwalimu Mkuu Naftaly Kimaiyo ililala kifudifudi ndani ya banda la majembe, nyuma ya shule ya shamba moja la Mzungu huko Keringet. Kisogoni palikuwa na jeraha. Banda lilikuwa limefungwa kwa nje. Askari walilazimika kuvunja kufuli.

Aliyetoa taarifa ni Cheptanui, mama mchuma maua ya pareto. Alikuwa akipita kwenda kazini asubuhi akaona damu imechirizika chini ya mlango.

Ulikuwa mwaka wa 1955. Inspekta Kipketer alifika kutoka Nakuru akiwa na jibu alilopewa na mkuu wake Mzungu. "Watu wa msituni hao, waasi. Maliza upesi."

Kipketer alichutama mlangoni. Mbao za ndani zilikuwa na mikwaruzo. Ile ya juu ilikuwa mipya, na kucha za marehemu zilijaa vibanzi. Chini, usawa wa goti, kulikuwa na mingine mingi, myembamba, ya siku nyingi.

"Watu wa msituni hawafungi kufuli wakaondoka na ufunguo," alimwambia koplo wake.

Daktari aliyekuwa akiikagua maiti aliinuka, akafuta mikono. "Pigo lilimwangusha tu. Ametoka damu usiku kucha katika baridi hii. Angefunguliwa mapema, angepona."

Kipketer akaingia darasani. Watoto walisimama kwa pamoja, mikono nyuma, kimya. Alipoinua mkono avue kofia, mstari mzima wa mbele uliinamisha vichwa na kufumba macho.

Akaushusha mkono polepole.

"Wakati wa mapumziko mnacheza nini?" alimuuliza msichana mmoja, Jeruto.

"Hatuchezi, bwana."

"Kwa nini?"

Jeruto alitupa jicho dirishani, kulikokuwa banda. Nyuma yake, madawati ya wasichana yalikuwa nusu matupu.

Msimamizi wa shule za eneo hilo, Bwana Kiplangat, alikuwa akingoja uani.

"Shule hii nilikuwa naisifu kila mahali," alisema. "Nidhamu! Hata kukohoa hawakohoi."

"Na madawati matupu?"

"Wazazi wa mashambani. Wanahamahama."

"Hakuna aliyekulalamikia?"

"Mwalimu Namalwa, wa darasa la kwanza. Mara mbili. Nilidhani anakitaka cheo cha mkubwa wake."

Namalwa alikutwa ofisini, ameketi wima, kitambaa kimefungwa kwenye kiganja cha kulia.

"Mkono umepatwa na nini, mwalimu?"

"Kuni."

"Hebu ufungue."

Kibanzi chekundu kilikuwa kimezama chini ya ngozi. Koplo akaweka mezani mpini wa jembe uliookotwa nyuma ya banda. Ulikuwa wa mti wa mtarakwa, mwekundu vilevile, una damu na nywele.

Namalwa hakungoja swali. Alitoa ufunguo mfukoni, akauweka kando ya mpini.

"Aliwafungia watoto humo," alisema. "Aliyechelewa, aliyekosea hesabu. Mwezi uliopita alimfungia Cheptoo akiwa amelowa mvua, mpaka jioni. Kichomi kikamshika. Tukamzika."

"Ukamwambia msimamizi?"

"Kabla na baada. Nilimwambia watoto wameacha kucheza. Wanajikojolea wakiitwa majina. Wasichana hawarudi. Akaniambia shule ni tulivu."

"Na jana?"

"Alimfungia Jeruto. Nilipomaliza kufundisha nikachukua ufunguo ofisini, nikaenda kumfungulia. Mwalimu Mkuu akanikuta, akamshika mtoto shingoni amrudishe ndani. Nikaokota mpini, nikampiga. Mtoto akakimbia. Alipoangukia mlangoni nikamsukuma ndani na kufunga."

"Ulikusudia afe?"

"Nilitaka alale humo usiku mmoja. Ajue." Akautazama ufunguo mezani. "Nilimsikia akiukwaruza mlango. Nikaondoka. Nilirudi alfajiri na ufunguo, nikamwita. Hakuitika. Nikashindwa kufungua."

Kipketer aliandika maelezo hayo yote, akamsomea, naye akatia sahihi. Mambo ya watu wa msituni hayakuwamo.

"Nimwambie nini mkubwa wangu?" Kiplangat aliuliza uani, sauti chini.

"Mwambie aliyeziona dalili alikuja kwako. Na mahakamani utalisema hilo."

Namalwa alitolewa kwa pingu. Cheptanui alikuwa bado kando ya gari, kikapu cha pareto miguuni. Alikuwa amesikia maelezo yakisomwa, kwa kuwa dirisha la ofisi halikuwa na kioo.

"Mwanangu Cheptoo aliniambia amenyeshewa njiani," alisema.

"Waliogopa kusema, mama," Namalwa alijibu.

Cheptanui alivua blanketi lake, akamfunika mwalimu mabegani, maana njia ya Nakuru ina baridi kali. Akalikaza vizuri shingoni, kama anavyofungwa mtoto.

"Ulimwendea msimamizi mara mbili," alisema, machozi yakimtoka. "Nyumba yangu ni pale, ng'ambo ya mto. Kwa nini hukuja kuniambia mimi?"

Namalwa alitazama ng'ambo ya mto, akaingia garini. Koplo akafunga mlango wa gari.