Mama Huyu Asisumbuliwe

Sauti ilimsalimu saa nane mchana ikamwita kwa jina lake, Hasina. Hapo ndipo alipopaswa kushtuka.

Pale kijijini Zombe hakuna aliyemwita hivyo. Tangu mwanawe wa pekee azaliwe alikuwa Mama Ridwan kwa wakubwa na wadogo, na jina lake lenyewe alibaki nalo mumewe, Idris. Sasa Idris alikuwa na siku hamsini na tatu kaburini. Lakini sauti iliyotoka stoo ilikuwa ya Kavata, aliyekuwa jirani yake kwa miaka kumi na mmoja, ile sauti yake yenye mkwaruzo wa moshi wa jikoni, na Hasina alikuwa na njaa ya kusemeshwa kiasi kwamba hata kuku angemsalimu angemjibu.

"Wacha, Hasina."

"Aa," akaiitikia salamu hiyo ya Kikamba, mikono ikiwa bado kwenye ungo wa ndengu, zile choroko za Ukambani. Kisha akakumbuka kwamba ile stoo haina mlango wa nje.

Akaenda kuchungulia. Yalikuwemo magunia manane ya ndengu ambayo marehemu alinunua akafa kabla ya kuyauza, mizani yenye kutu, na baiskeli isiyo na gurudumu la mbele. Mtu hakuwemo. Ila palikuwa na harufu ya ndengu zilizolowekwa zikasahauliwa siku tatu, na magunia yote yalikuwa makavu. Akajiambia ni joto. Akarudi kwenye ungo wake.

Hasina alikuwa katika eda. Babake, Mzee Shee, alitoka pwani akalowea Kitui mjini, na binti zake aliwalea kwa dini: mume akifa, mke hukaa nyumbani miezi minne na siku kumi, hajipambi, hatoki bila dharura, wala haposwi. Hakuna kitabu kinachosema asisemeshwe. Lakini siku ya maziko, Mwalimu Sufian wa madrasa aliwageukia majirani waliojaa uani, Wakamba wa kanisani wengi wao, akawaambia kwa upole, "Mama huyu sasa yuko ndani. Tafadhalini, asisumbuliwe."

Majirani walisikia hilo na wakalitii kwa moyo wote. Watu wa Zombe wana heshima jamani, na heshima hiyo ilikaribia kumwangamiza mtu. Kina mama waliokuwa wakiingia kwake bila hodi wakaanza kupita upande wa pili wa barabara. Anayeleta maji kwa punda akawa anaacha mitungi nyuma ya ukuta na kwenda zake kimyakimya. Kavata mwenyewe, ambaye kila alasiri alikuwa akikaa kwenye ngazi ya nyuma wakichambua ndengu na kuwachambua watu, akaambiwa na wenzake kwamba kumsemesha mjane wa Kiislamu ni kumharibia dini. Akakubali. Kila siku alipika muthokoi au githeri, mahindi kwa maharagwe, akaliweka bakuli mlangoni limefunikwa kwa sahani, akagonga mara mbili, akaondoka mbio kabla mlango haujafunguliwa.

Hayo yote Hasina aliyajua baadaye sana. Alichokijua wakati ule ni kwamba mlango unagongwa mara mbili, akifungua anakuta chakula cha moto na uwanja mtupu.

Dada yake, Ummi, alikaa naye wiki tatu akarudi Mwingi kwa watoto wake. Ridwan alikuwa shule ya bweni. Simu aliizima mwenyewe, maana wanunuzi wa ndengu walikuwa wakipiga kumuulizia Idris, na kila mara alilazimika kusema upya kwamba Idris amekufa. Akaitia kabatini, chaji ikaisha, akaisahau. Basi ikabaki nyumba, yeye, na mabati yakilialia juani.

Na sauti.

Mwanzoni ilikuwa raha, tuseme ukweli. Ilikuja kila mchana saa nane, kijiji kizima kikiwa kimelala kwa joto, ikauliza alichokula, ikacheka alipocheka. Hasina alijua moyoni kuwa stoo haina mtu. Lakini ukikaa siku nyingi bila kusikia jina lako, kujua hakukusaidii kitu. Akaanza kuvuta kigoda karibu na pazia la stoo. Akaanza kuiandalia chai kikombe cha pili. Kufikia siku ya sabini alikuwa amekwisha kuisimulia maisha yake yote, na sauti ikayapokea ikayaweka, kisha ikaanza kuyarudisha yakiwa yamegeuzwa kidogo.

"Hasina," ilinong'ona mchana mmoja. "Ile asubuhi ya mwisho, nani alimpa Idris chai?"

"Mimi. Kwani nani mwingine?"

"Nauliza tu. Maana wanasema."

"Wanasema nini? Nani wanasema?"

"Kwa nini unafikiri hawaji?"

Hasina akaondoka na kigoda chake. Angekuwa na mtu wa kumwambia hayo, hata mmoja, mtu huyo angempiga kibao cha bega na kumwambia, wewe, acha ujinga, mume wako aliuawa na moyo na daktari alisema. Lakini hakuwa naye. Akalala na lile swali na kuamka nalo, na siku ya tatu akajikuta anaikumbuka ile asubuhi tofauti: kikombe kilikuwa na kitu cheupe chini, na yeye alikikoroga, na Idris alimwangalia. Mambo hayo hayakutokea kabisa. Alilia mpaka macho yakavimba, kwa sababu aliyaona waziwazi.

Kuanzia hapo harufu ya ndengu zilizooza ikatoka stoo ikaingia sebuleni, ikakaa kwenye mito na kwenye buibui lake, na chakula cha mlangoni akawa anakimwaga, kwa kuwa sauti ilimwambia kimetiwa dawa, na akawa hali ila ndengu zilizochemshwa bila chumvi, akawa hasali ila nusu nusu, maana kila akiinua mikono sauti ilimuuliza muuaji anamwomba nani, na mifupa ya shingo ikamtoka na nywele zikawa zinabaki kwenye kitana, na bado kila saa nane alikivuta kigoda mwenyewe, bila kulazimishwa, akaketi kando ya pazia kama mtu aliyeitwa.

Siku ya tisini na tisa ikamwambia apike uji.

"Mzito," ilisema. "Na uchemke kweli."

"Wa nini?"

"Yule anayegonga. Leo amekuja kukumaliza. Maji ya moto hutiririka yakaisha, Hasina, lakini uji unashika ngozi. Mwache agonge. Fungua upesi. Usoni."

Alipika. Tusimlaumu, ila na yeye mwenyewe hakuwahi kujisamehe kwamba alipika huku akionja kama umeiva. Akasimama nyuma ya mlango, sufuria imeshikwa kwa vitambaa viwili, uji ukitoa mapovu mazito, jasho likimtiririka, na nyuma yake pazia la stoo likawa linavimba na kunywea ingawa hapakuwa na upepo, likivimba na kunywea kwa mwendo uleule wa pumzi zake, hata alipojaribu kubana pumzi lenyewe likamngoja.

Hatua zikaja uani. Bakuli likawekwa chini. Ngo, ngo.

"Sasa," sauti ikasema, karibu kabisa na sikio lake.

Mkono wa Hasina ulikuwa tayari kwenye komeo. Lakini siku hiyo aliyegonga hakukimbia.

"Mama Ridwan," mtu akasema nje, kwa woga, akinong'ona. "Mama Ridwan, ni mimi. Mama Kalondu. Najua sitakiwi kuongea na wewe. Mungu anisamehe, na wako pia."

Sauti ileile. Kavata nje, Kavata ndani.

"Usimsikilize," ya ndani ikasema. "Mimi ndiye Kavata. Nani amekaa na wewe siku zote hizi?"

"Jana nilisikia mtu kwa nyumba yako," ya nje ikaendelea, ikitetemeka. "Nikaweka sikio kwa mlango. Ni mimi nilikuwa naongea huko ndani. Ni sauti yangu, Mama Ridwan! Sikulala. Nimeogopa mpaka tumbo imeniendesha. Lakini nimesema siwezi kuacha wewe na hiyo kitu, hata kama ni dhambi. Fungua."

"Ni mwongo. Mmwagie."

Komeo likasogea nusu. Hasina alikuwa akilia bila sauti. Hakujua amwamini nani. Kichwa chake kilikuwa kimejaa sauti moja tu kwa muda mrefu mno. Na Kavata wa nje, kwa hofu, akafanya kile ambacho Kavata hufanya akiogopa: akaropoka.

"Hata sijakuambia, hiyo mbuzi yako ya madoa niliachiwa nikuchungie siku ya matanga, imezaa! Mapacha, wewe! Moja iko na sikio nyeupe, ingine inanyonya kama mwizi. Na Kalondu wangu ameitwa college huko Wote mjini. Na upepo ilibeba mabati ya kanisa, pasta akakimbiza moja mpaka sokoni na kanzu yake. Watu walicheka! Nilitaka sana kukuambia, karibu nipasuke..."

Hasina akatulia. Mbuzi amezaa. Alilirudia hilo moyoni polepole, kwa sababu lilikuwa jambo asilolijua. Karibu siku hamsini za mazungumzo, na ile ya stoo haikuwahi kumpa habari hata moja. Kila ilichosema kilitoka kwake yeye, kwenye vidonda vyake mwenyewe, kikatafunwa kikarudishwa.

"Ana sikio gani jeupe?" akauliza.

"Ya kushoto," akasema Kavata.

"La kushoto," ya ndani ikarukia, ikiwa imechelewa kidogo. "Mapacha. Mbuzi... la kushoto... mapacha..." Mkwaruzo wa Kavata ukaanza kuiponyoka, ikawa sauti ya Hasina mwenyewe, ikirudia yaliyosemwa nje kama mtoto anayekariri bila kuelewa.

Akaweka sufuria chini. Akafungua. Kavata alipomwona alivyokonda alipiga ukemi, akamkumbatia akiwa mlangoni vilevile, na Hasina, ambaye hakuguswa na mtu tangu Ummi aondoke, akaanguka mikononi mwake.

Mwalimu Sufian alikuja kesho yake. Aliyasomea maji Kurani, akayanyunyiza stoo gunia kwa gunia, na kwenye gunia la nane maji yalitoa mvuke. Alisoma hadi adhuhuri. Kitu fulani kikapita juu ya mabati kwa kishindo, kuku wakalia, na harufu ikakatika. Kisha akaketi uani akaambiwa kwa nini majirani hawakuja, akashika kichwa.

"Niliposema asisumbuliwe, niliwasema wanaume wenye kutaka kuposa! Nyinyi kina mama nani aliwakataza?" Akafuta jasho. "Mimi nimekitoa. Kukizuia kisirudi ni kazi yenu. Kiumbe kile hakina lake la kusema, kinatafuta mtu asiye na wa kumbishia. Mje. Mumwambie habari, hata za upuuzi."

Wakaja. Jamani, walikuja! Siku thelathini na moja zilizobaki za eda nyumba haikupata nafasi ya kupumua. Waliimba, waligombana, waliunywa uji wake wakausema una madonge. Simu ikatiwa chaji, Ummi akamgombeza nusu saa nzima. Na siku Hasina alipomwambia Kavata habari ya kile kikombe chenye kitu cheupe, Kavata alimpiga kibao cha bega. "Wewe, acha ujinga. Si mimi nilikuwa hapa hiyo asubuhi? Chai tulikunywa wote, moja birika." Hasina alicheka mpaka akalia. Hakika Kavata alikuwepo. Hasina ndiye aliyekuwa amelisahau hilo.

Eda iliisha. Miezi miwili baadaye walikuwa kwenye ngazi ya nyuma, ungo katikati, mwanambuzi wa sikio jeupe akiwasumbua, wakizungumza hili na lile, wakamfikia Mzee Kisilu, yule mgane wa nyuma ya kisima ambaye wanawe wote wako Nairobi.

"Huyo siku hizi ako sawa," alisema Kavata. "Hata haendi sokoni. Jana nilipita hii saa nikasikia anacheka huko ndani, nikasema nisimsumbue, kwani ako na mgeni."

Mkono wa Hasina ukasimama. "Mgeni gani?"

"Si wewe? Mimi nilijua ni wewe umempelekea chakula. Sauti ilikuwa yako."

Hasina akausukuma ungo kando. Aliinuka, ndengu zikamwagika, akamshika Kavata mkono, wakaenda karibu mbio kwenye lile jua la saa nane. Mlango wa Mzee Kisilu ulikuwa umefungwa. Hatua tatu kabla ya kuufikia waliinusa: ndengu zilizolowekwa zikasahauliwa. Hasina akagonga kwa ngumi zote mbili.

"Mzee! Mzee Kisilu, fungua! Ni mimi, Mama Ridwan!"

Kigoda kikaburutwa ndani. Kisha wakamsikia mzee akimuuliza mtu, polepole, kwa sauti ya chini:

"Huyu anasema yeye ndiye Mama Ridwan. Sasa wewe ni nani?"