Ng'ombe Waliozaliwa kwa Kalamu

"Soma tena," alisema Maige. "Labda umekosea kujumlisha."

Paskazia hakuhitaji kusoma tena. Alikuwa amejumlisha mara tatu tangu asubuhi, daftari magotini, mtoto Klara amesinzia mgongoni. Ilikuwa Jumamosi alasiri, mwezi wa nane, na malori ya pamba yalipita mfululizo kuelekea kiwandani, vumbi lake likiingia mpaka chumbani mwao.

"Sijakosea, Baba Klara. Unapata sitini na tano. Chumba kumi. Chakula ishirini na nane. Sabuni na mafuta ya taa nne. Dawa ya mtoto mbili, sadaka moja. Akiba kumi na mbili. Hizo ni hamsini na saba. Nane sizioni."

"Si nilikwambia ni michango ya kazini?"

"Kila mwezi mtu anafiwa, na kila mwezi anafiwa kwa shilingi nane?"

Maige alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayetafuta mlango. Akachukua kitambaa, akaanza kufuta spoku za baiskeli yake ambazo tayari zilikuwa zinang'aa. Paskazia akasema kwamba hata hiyo baiskeli ingeweza kuuzwa wakalipa deni. Maige akajibu kwamba bila baiskeli yeye ni nani pale kiwandani, akaitoa nje, akapanda, akaondoka bila kusema anakwenda wapi.

Deni lenyewe lilijulikana na kila mtu. Mzee Maduhu wa Samuye, baba yake Paskazia, alitaja mahari ya ng'ombe kumi na wawili. Kumi walifika siku ile ya harusi, wawili wakabaki kwa maneno. Sasa ilikuwa karibu miaka miwili, na mzee alikuwa ametuma ujumbe usio na kona: mvua za kwanza zikinyesha kabla ng'ombe hawajatimia, Paskazia arudi nyumbani pamoja na mtoto. Desturi ilikuwa upande wake. Mtoto ambaye mahari ya mama yake haijaisha huhesabiwa kuwa wa babu mzaa mama.

Ndiyo maana Paskazia aliingia darasa la jioni la misheni, Klara akinyonya huku yeye anaandika. Wenzake walitaka kusoma vitabu vya sala. Yeye alitaka hesabu. Alikuwa na hakika kwamba shilingi ikiandikwa haipotei ovyo, na kwamba ipo siku mtoto wake angeitwa binti wa Maige bila mtu kukohoa.

Jumatatu, kwenye foleni ya maji, alimdokeza jirani yake Serafina habari ya zile shilingi. Lilikuwa kosa.

"Nane kwa mwezi?" Serafina alitua ndoo. "Hiyo ni kodi ya chumba cha mtu, Mama Klara. Tena chumba chenye dirisha."

Wanawake wakacheka. Paskazia akacheka nao, lakini maji aliyobeba yalimwagika njia nzima.

Mchana alipompelekea mumewe chakula, tarishi wa kiwanda alimkabidhi barua ya Maige, kama alivyozoea kufanya siku zote. Zamani, kabla hajajua kusoma, Paskazia alizibeba barua hizo kama mtu anavyobeba jiwe. Maige ndiye aliyezifungua na kumsomea, na kila mara zilisema jambo lile lile: rafiki yake Bujiku, anayechimba dhahabu Geita, anawasalimu sana. Leo vidole vilimwasha. Mwanamke anaweza kujificha nyuma ya jina la Bujiku. Aliketi nyuma ya ghala la mbegu za pamba, akaifungua.

"Kwa ndugu yangu Maige. Salamu sana. Mimi ni mzima isipokuwa kifua, kwa ajili ya vumbi la huku chini. Pesa ya samli ya mwezi wa sita na wa saba imefika, shilingi kumi na sita, ahsante. Nimefurahi kusikia kwamba na yule mwenye doa amezaa. Sasa ng'ombe wangu niliokuwekesha wamekuwa watano. Mkataba wangu umekwisha na nimepata mchumba Ushetu. Nitafika kwako Jumapili tarehe ishirini na sita, unionyeshe ng'ombe wangu niwaswage nikaoe. Ndimi nduguyo Bujiku."

Kwanza alishusha pumzi. Hakuna mwanamke. Kisha akairudia mistari ya katikati. Ng'ombe gani? Wao hawakuwa na hata kuku.

Maige aliporudi, jua bado likiwa juu ya paa la jirani, alimkuta mkewe amekaa kwenye kiti chake yeye.

"Una barua. Kaa nikusomee," alisema Paskazia. "Zamani ulinisomea wewe."

Aliisoma taratibu, kila neno, akipitisha kidole chini ya mistari kama alivyofundishwa. Alipofika kwenye samli, Maige alikuwa amekwisha kaa sakafuni.

"Ng'ombe gani, Baba Klara?"

"Mwekundu. Mwenye doa jeupe. Na yule wa pembe moja."

Paskazia aliwajua wote watatu. Yule wa pembe moja alimkamua kwa mikono yake, uani kwa mama yake, wiki ile ya harusi.

Maige akaeleza, maneno yakianguka moja moja. Bujiku alipokwenda Geita alimwekesha ng'ombe wake watatu awachunge, kama watu wanavyowekeshana siku zote. Kisha ugonjwa wa ndigana ukaingia zizini. Bahati mbaya au nzuri, ng'ombe wa Bujiku walipona. Wa Maige wakafa watatu, mmoja baada ya mwingine, mwezi mmoja kabla ya harusi. Na pale Samuye kulikuwa na mwanamume aliyefiwa na mkewe, mwenye ng'ombe ishirini, aliyekuwa akimsalimia Mzee Maduhu kila asubuhi.

"Ningekwenda na saba baba yako angekuoza kwa yule. Nikachanganya na wa Bujiku. Nikasema nitawafidia msimu huo huo."

"Na pesa ya samli?"

"Ili asije kutazama. Mtu anayepokea pesa ya samli anajua ng'ombe wake wapo."

"Na hao ndama?"

Maige alitazama ukuta. "Aliniuliza mbona hawazai."

"Ukawazalisha."

"Wawili tu, Mama Klara."

"Umezalisha ng'ombe kwa kalamu."

Kicheko kilimtoka Paskazia kabla hajakizuia, kikageuka katikati kikawa kilio. Maige alinyoosha mkono, Paskazia akausukuma kando. Alifuta macho kwa ncha ya kanga, akavuta daftari, kwa sababu mikono yake haikujua kufanya kitu kingine.

"Umemtumia miezi mingapi?"

"Ishirini na miwili."

"Ishirini na miwili mara nane, mia moja sabini na sita. Mnadani ng'ombe jike ni themanini na nane. Umetoa bei ya ng'ombe wawili, Baba Klara. Kamili. Na bado unadaiwa watatu."

Maige alilitazama daftari kama mtu aliyeambiwa leo kwamba nyumba yake haina paa.

Wala hayo hayakuwa mabaya kuliko yote. Wale ng'ombe hawakuwa tena Samuye. Stanslaus, kaka yake Paskazia, alikwisha kuwatoa kuwa mahari ya mke wake. Mwenye ng'ombe ana haki ya kuwafuata popote walipo. Bujiku akiwafuata, mke wa Stanslaus angerudishwa kwao, na siku hiyo hiyo Mzee Maduhu angekuja Shinyanga kumchukua binti yake na mjukuu. Ndoa mbili zilisimama juu ya kwato za ng'ombe wa mtu wa tatu, na zilikuwa zimebaki siku sita Bujiku afike.

Siku tatu hawakusemezana ila kwa mambo ya mtoto. Paskazia alifunga nguo zake kwenye furushi, akazifungua, akazifunga. Alitoka uani, akarudi, akasahau alichofuata. Siku ya nne Maige alikuja na kalamu mkononi na macho ya mtu aliyepata njia.

"Tumwandikie kwamba wamekufa kwa ndigana. Mchungaji halipi ng'ombe aliyekufa kwa ugonjwa. Andika wewe, mwandiko wako unaaminika."

"Ngozi utamwonyesha zipi?"

Maige aliishusha kalamu. Kila mchungaji alijua kwamba ng'ombe wa kuwekeshwa akifa, ngozi yake hutunzwa mpaka mwenyewe aione.

"Nilikwenda darasani kila jioni, kichwani mwangu kuna mtoto huyu," Paskazia alisema. "Nilitaka kulipa deni. Sikujifunza kuandika ili nikusaidie kudanganya. Ukiandika hiyo barua, hili furushi halifunguliwi tena."

"Basi nifanye nini, Paskazia?"

Maige hakuwahi kumwita kwa jina lake tangu Klara azaliwe. Paskazia alimtazama vizuri. Alikuwa amekonda kwa siku nne. Na mtu huyu, alifikiri kwa hasira na kwa kitu kingine ambacho hakutaka kukitaja, aliiba kwa sababu aliogopa kunikosa.

"Utasema mwenyewe," alimwambia. "Kwa Bujiku, kisha kwa baba. Mimi nitahesabu. Wewe utasema."

Bujiku alishuka kwenye lori Jumapili, mrefu, koti jipya, kikohozi cha mgodini kifuani. Alipewa kiti na uji. Maige akasema. Alisema akiwa amesimama, na hakuruka kitu, hata ndama.

Bujiku aliweka bakuli chini polepole.

"Yule mwekundu nilimtangaza mgodi mzima," alisema. "Nilinunulia watu pombe kwa ajili ya ndama wake. Kumbe nilikuwa nalewa bure." Akasimama. "Nakwenda kwa wakwe wa shemeji yako. Nawajua ng'ombe wangu."

"Shemeji, naomba usikie hesabu kwanza," Paskazia alisema. "Umepokea mia moja sabini na sita. Ni bei ya ng'ombe wawili."

"Ile ilikuwa samli yangu."

"Samli ya kwako tangu lini? Maziwa ya ng'ombe wa kuwekeshwa ni ya anayewachunga. Hata mtoto anajua. Ulipokea kila mwezi kitu ambacho si haki yako, na hukuuliza kwa nini Maige amekuwa mwema hivyo."

Bujiku alifungua mdomo, akakohoa badala ya kujibu. Alikohoa kwa muda mrefu kuliko kifua kilivyotaka.

"Mume wako ni mwizi, na wewe ni wakili," alisema mwishowe, akikaa. "Haya. Wa tatu yuko wapi?"

Maige ndiye aliyejibu. Aliingia ndani, akatoka akisukuma baiskeli, akaiegemeza ukutani mbele ya Bujiku.

"Ina thamani ya ng'ombe mmoja na zaidi. Hiyo zaidi ni kwa ajili ya pombe uliyonunulia watu."

Bujiku aliizunguka, akabonyeza magurudumu, akapiga kengele. Hakucheka, lakini alipiga kengele mara ya pili. Akasema kwamba Ushetu watu huuza tumbaku na hupenda baiskeli, huenda baba mkwe akaipokea kuliko ng'ombe mwenye doa. Akasema pia kwamba hatamwekesha Maige hata mbuzi mpaka wazikwe wote wawili. Maige akakubali kwamba hiyo ni haki.

Alfajiri ya Jumamosi iliyofuata walikwenda Samuye kwa miguu, Klara mgongoni kwa zamu. Njiani Paskazia alimhesabia mumewe. Akiba, waliyoanza kuiweka mwaka huu, ilikuwa tisini na mbili. Ng'ombe wawili ni mia moja sabini na sita, kwa hiyo bado themanini na nne. Zile kumi na mbili za kila mwezi. Zile nane ambazo sasa haziendi Geita. Na nane nyingine ambazo yeye angepata kwa kuwauzia maandazi watu wanaolala langoni mwa kiwanda kungoja pamba yao ipimwe. Ishirini na nane kwa mwezi. Miezi mitatu.

"Mvua zikichelewa," alisema Maige.

"Mwombe baba, si mvua."

Mzee Maduhu alisikiliza akiwa amekaa kwenye kigoda, fimbo magotini. Paskazia aliinamisha kichwa kando, akisikia sauti ya mumewe ikikwama na kuendelea. Alipomaliza, mzee alimwuliza jambo moja tu, kama Bujiku ndiye aliyemtuma.

"Hapana, baba. Bujiku tumeshamalizana. Ungeweza usijue kabisa."

Ndani ya nyumba, mama yake Paskazia aliacha kutwanga.

"Wawili wanabaki wawili," alisema mzee. "Siongezi, sipunguzi. Nitangoja miezi hiyo mitatu, mvua inyeshe isinyeshe. Mama Klara, ningekuwa na akili ningekubakiza hapa leo."

Paskazia alikaza kanga iliyomfunga Klara.

Mzee alinyanyuka, akamtoa Klara mgongoni mwa mama yake, akamshika kwapani kwa mikono miwili kama mtu anayepima uzito mnadani. Kisha akamweka mikononi mwa Maige.

"Huyu na mama yake nakuwekesha," alisema. "Maziwa yao ni yako. Mimi ndiye mwenyewe mpaka wale wawili wafike. Usije ukawatoa na hawa kuwa mahari."

Maige alimkumbatia Klara kwa mikono yote miwili. Mama mkwe akaanza kutwanga tena, kwa haraka, na mtu asiyejua angedhani anacheka.

Walirudi mjini polepole. Bila baiskeli njia ilikuwa ndefu, na Maige hakukubali kumwachia mkewe mtoto hata mara moja.

"Nipe, umechoka," Paskazia alimwambia walipoanza kuona mapaa ya kiwanda.

"Siwezi," alisema Maige. "Si wangu."

Paskazia alimshika mkono uliobaki, mchana kweupe, barabarani, mbele ya malori na watu.